Vituo Ambavyo Havikuwepo

Redio ya nyumbani kwetu ilikuwa ya sanduku la mbao, yenye mshale mwekundu na betri nne kubwa ambazo bibi alizianika juani kila zilipochoka, jamvi moja na mihogo. Usiku, taarifa ya habari ikishasomwa, kaka yangu alikabidhiwa kitufe azungushe polepole kwenye masafa mafupi kutafuta idhaa za Kiswahili za ng'ambo. BBC ilitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, Deutsche Welle tangu 1963, na sisi tulizijua zaidi kwa mahali unaposimama mshale kuliko kwa majina yao. Ajabu ni kwamba mtangazaji yule yule alipatikana mahali pawili. Pa kwanza sauti yake ilikuwa nene, imetulia. Pa pili, chini kidogo kwenye mstari wa namba, alisikika kwa mbali, akizomewa na miluzi. Bibi alikuwa na jibu lake: bwana huyo ana nyumba mbili, na kwa bi mdogo hunong'ona asije akasikika kwa bi mkubwa.

Miaka mingi baadaye mzee mmoja fundi wa redio, mwenye kibanda sokoni, aliniambia nikapime umbali kati ya nyumba hizo mbili. Nikapima kwa vituo vitatu. Kadiri mstari ule wa namba ulivyosomeka, kila mara umbali ulikuwa ule ule, kilohezi mia tisa na ushei. "Ni 910, mwanangu," akasema. "Gawa kwa mbili." Inatoka 455. Akafungua redio iliyokuwa mezani pake, akanionyesha vikopo vidogo vya bati vimepangwa kwenye ubao wa saketi. Hivyo ndivyo vilivyorekebishwa kwenye 455. Nyumba ya pili ya mtangazaji ilikuwa humo humo ndani ya sanduku letu. Angani hapakuwa na kitu.

Wanaosimulia historia ya redio hupenda habari za kufika mbali. Hutuanzia na Marconi, Desemba 1901, kaweka sikio Newfoundland akingoja herufi S iliyotumwa kutoka Uingereza, ng'ambo ya Atlantiki. Alisema kaisikia. Wapo wahandisi wanaoshuku mpaka leo kama aliisikia au aliidhania katikati ya mikwaruzo. Mimi shaka hiyo ndiyo inayonivuta. Kusikia kilicho mbali ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyochukua muda mrefu zaidi na kupata sifa chache zaidi, ni kujua kwamba unachokisikia kipo.

Namba 455 ya fundi wangu ina ukoo wake, na ukoo huo unaanzia Paris. Mwaka 1918, Vita vya Kwanza vya Dunia vikielekea ukingoni, Edwin Howard Armstrong, afisa wa kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, alikuwa katika jiji hilo akihangaika na mawimbi ya masafa ya juu. Valvu za wakati ule zilikuza vizuri masafa ya chini. Ya juu ziliyashindwa. Armstrong akaamua kuyashusha. Ndani ya redio aliweka mtambo mdogo wa kuzalisha wimbi la papo hapo, akalichanganya na lile linaloingia kutoka antena, na tofauti ya masafa ya mawili hayo ndiyo iliyokuzwa. Kila kituo unachokitaka, kiwe juu kiwe chini, kinaletwa kwenye masafa yale yale ya katikati, na huko vichujio vinakingoja tayari. Lucien Lévy, Mfaransa, alikuwa ameomba hataza ya wazo la namna hiyo mwaka 1917, na Walter Schottky, Mjerumani, mwaka 1918. Kesi zilizofuata zilimnyang'anya Armstrong sehemu kubwa ya madai yake. Kufika 1924 kampuni ya RCA ilikuwa imekiingiza chombo hicho madukani, na kuanzia miaka ya 1930 karibu kila redio iliyouzwa duniani, pamoja na ile ya bibi, ilijengwa kwa mtindo huo.

Ila hesabu ya kutoa haiulizi mkubwa ni nani. Mshale ukiwa kwenye 8,690, mtambo wa ndani unazalisha kilohezi 9,145, yaani 455 zaidi. Kituo kilichoko 8,690 kitapita, kwa sababu tofauti ni 455. Kituo kilichoko 9,600 nacho kitapita, kwa sababu 9,600 ukitoa 9,145 ni 455 vilevile. Kinachoweza kukizuia ni kichujio kizuri mlangoni, kabla ya mchanganyiko, na kichujio kizuri ni koili za ziada na muda wa fundi wa kiwandani wa kuzirekebisha. Redio ya bei ya chini haikuwekewa. Tulilipia mtangazaji mmoja tukapewa wawili, na kwa uhandisi hiyo ni hasara.

Kituo hicho cha pili, kivuli cha kile cha kweli, ndicho kilichokuwa rahisi kukielewa, kwa kuwa kila anayejua kutoa angeweza kukitabiri. Shida kubwa zaidi ilikuwa ikiwasumbua watu wa simu. Mwaka 1915 laini ya simu iliunganisha New York na San Francisco, na sauti haikuweza kuvuka bara zima bila kukuzwa njiani. Baadaye makampuni yakataka waya mmoja ubebe mazungumzo mengi kwa pamoja, kila moja kwenye masafa yake. Amplifaya za valvu zilikuwa na kilema: ukiziingizia mara mbili hazikutoa mara mbili kamili. Kilema hicho, hata kikiwa kidogo, hufanya mazungumzo ya A na ya B yazidishane, yakazaa sauti ya tatu ambayo inaangukia kwa C. Amplifaya moja ilivumilika. Zikifuatana mamia kwenye laini moja, kila moja iliongeza uchafu wake juu ya ule wa mwenzake.

Harold Black, kijana wa maabara za Bell, aliliganda tatizo hili kwa miaka. Asubuhi ya tarehe 2 Agosti 1927 alikuwa kwenye kivuko cha Lackawanna akivuka mto Hudson kwenda kazini Manhattan. Wazo likamjia katikati ya maji. Hakuwa na karatasi, akachora kwenye ukurasa wa gazeti la New York Times: chukua sehemu ya kinachotoka, igeuze, irudishe mlangoni. Kosa la amplifaya linarudi likiwa kinyume chake lenyewe na kujifuta. Unapoteza ukuzaji mwingi, lakini unachobaki nacho ni kisafi. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshapima amplifaya ambayo uchafu wake ulipungua mara 100,000. Hataza yake ya Marekani ilikaa ofisini zaidi ya miaka tisa hadi 1937, na Black alikuja kusimulia kwamba ofisi ya hataza ya Uingereza iliipokea kama vile inavyopokea mashine za kujiendesha milele.

Naiweka simu katika habari ya redio kwa sababu watu wa simu walianza mapema kupima uchafu huu kwa namba. Mteja anayesikia mazungumzo ya mwingine hulalamika, na lalamiko la mteja anayelipa hununua vifaa vya maabara. Msikilizaji wa redio aliyesikia vituo viwili kwa pamoja alidhani ndivyo redio ilivyo.

Kisha ikaja 1933, mwaka wa kisa ninachokipenda kuliko vyote. Bernard Tellegen, mhandisi wa Philips huko Eindhoven, Uholanzi, mtu aliyekuwa tayari na jina kwa kubuni valvu ya pentodi, aliripoti kwamba ukifungulia kituo cha Beromünster cha Uswisi, kwenye mita 460, nyuma ya muziki wake unasikia Radio Luxembourg. Luxembourg haikuwa jirani hata kidogo: ilikuwa kwenye mawimbi marefu, karibu mita 1,190, ikitangaza kwa nguvu kubwa mno kwa siku zile. Mhandisi yeyote angeanza kwa kuishuku redio. Kituo chenye nguvu kimeilemea valvu ya kwanza, kikapiga muhuri wake kwenye kituo dhaifu. Jambo hilo lilikuwa linajulikana. Lakini safari hii redio haikuwa na hatia. Mwaka uliofuata V. A. Bailey na D. F. Martyn, wakiwa Sydney, Australia, walilieleza: wimbi la Luxembourg lilikuwa linazipasha joto elektroni za tabaka la juu la anga, na wimbi la Beromünster likipita hapo hapo likawa linanyonywa zaidi au pungufu kwa kufuata mdundo wa Luxembourg. Mbingu yenyewe ilikuwa inachanganya vituo.

Kisa hicho kiliwaachia wahandisi somo la mkono: kabla hujamtaja mkosaji, mtenge kila mshukiwa. Na kwa ishara bandia zinazozaliwa ndani ya redio, lipo jaribio rahisi linalotokana na hesabu.

Chukua vituo viwili vyenye nguvu, kimoja 9,600 na kingine 9,610. Kilema cha amplifaya kinazaa vituo vya uongo kwenye 9,590 na 9,620: mara mbili ya kimoja ukitoa kingine. Tazama vinapoangukia. Ni mlango wa pili kabisa, kwenye masafa ambayo huenda kuna kituo dhaifu unachokitafuta, na kichujio cha mlangoni hakina la kufanya kwa sababu wazazi wote wawili wamo ndani ya mtaa ule ule. Sasa punguza nguvu ya kila kinachoingia kwa desibeli 10. Kituo cha kweli kitashuka desibeli 10. Cha uongo kitashuka 30. Waendeshaji wa redio za meli na wa redio za ridhaa walilijua hili kwa vidole kabla ya kulijua kwa kalamu: ukiwa na mashaka na sauti, washa kipunguzaji. Ikidhoofika kidogo, ni mtu. Ikizimika ghafla, hakukuwa na mtu.

Sheria hiyo ya moja kwa tatu ndiyo iliyowezesha kipimo. Kila redio ina sakafu yake, yaani kelele yake yenyewe, na chini ya sakafu hiyo haisikii kitu. Ingiza milio miwili safi yenye nguvu sawa, uipandishe pamoja, polepole. Mwanzoni hakuna kinachotokea kwenye masafa ya jirani. Mahali fulani kituo cha uongo kinachungulia sakafuni. Hapo simama. Umbali kutoka sakafuni hadi kwenye nguvu ya milio yako miwili ndio uwanja safi wa redio hiyo: ndani yake kila unachosikia kipo. Wahandisi wanauita upana wa nguvu usio na ishara bandia, nao huuandika kwa desibeli, ambapo kila 10 ni mara kumi. Desibeli 100 ni uwiano wa bilioni 10 kwa moja.

Ipo na njia ya mkato. Kwa kuwa mstari wa bandia unapanda mara tatu kwa kasi, ukiuchora pamoja na mstari wa kweli utakutana nao mahali fulani juu. Theluthi mbili ya umbali kutoka sakafuni hadi makutano hayo ni uwanja safi. Redio yenye sakafu desibeli 130 chini ya miliwati moja, na makutano desibeli 20 juu yake, ina desibeli 150 katikati, na uwanja safi wa 100. Makutano hayo yamependwa sana na watangazaji wa biashara kwa sababu ni namba kubwa. Nasikitika kuwaambia kwamba hakuna aliyewahi kuyaona. Redio hulemewa na kujipinda muda mrefu kabla ya kufika pale. Ni nukta iliyochorwa kwa rula kwenye karatasi.

Mpaka miaka ya 1960 hayo yote yalikuwa mambo ya maabara kubwa. Kilichoyashusha mpaka kwa watu wa kawaida ni transista. Redio za transista zilikuwa ndogo, baridi, hazili umeme, na nyingi kati ya zile za mwanzo zililemewa upesi kuliko redio za valvu zilizotangulia. Walioumia zaidi walikuwa wapenzi wa redio za ridhaa wa Ulaya kwenye megahezi 7. Wao walikuwa na kipande kutoka 7.0 hadi 7.1, na kuanzia 7.1 kwenda juu vilipanga vituo vya utangazaji vya mamia ya kilowati, vikihubiriana siasa za Vita Baridi usiku kucha. Redio mpya ya bei mbaya ilipofunguliwa jioni ilijaa minong'ono ya lugha kumi, na karibu yote ilikuwa imezaliwa humo humo ndani.

Julai 1975 mhandisi Wes Hayward alichapisha katika jarida la QST, la chama cha redio za ridhaa cha Marekani, makala iliyoeleza jinsi ya kufafanua na kupima jambo hili nyumbani. Namna yake ni ile niliyoisimulia, milio miwili na sakafu. Lakini ukipima hivyo unagundua kwamba shida kubwa iko upande wa mpimaji. Jenereta mbili za milio zikiunganishwa ovyo, wimbi la moja linaingia kwenye matumbo ya nyingine, na zinazaa ishara za uongo kabla hata hazijaifikia redio. Utailaumu redio kwa dhambi ya meza yako. Kwa hiyo kila jenereta inawekewa kipunguzaji chake, kisha milio inakutanishwa kwenye kiunganishi kinachoruhusu kwenda mbele na kukataa kurudi upande. Ukitazama kwa kichanganuzi cha masafa, nacho kina miksa ndani, yaani kichanganya mawimbi kama kile cha Armstrong, na miksa hiyo nayo ina vivuli vyake. Hapo unarudi kwenye jaribio lile lile la kupunguza na kuangalia nani ameshuka mara tatu. Nimewahi kukaa jioni nzima na meza ya namna hiyo nikimfukuza mzimu mmoja, na mwishowe ikabainika kuwa ulitoka kwenye kiungio cha waya kilichoshika kutu. Mabaharia wanakijua kisa hicho kwa ukubwa wake: kwenye meli iliyosheheni antena, boliti yenye kutu inatosha kuchanganya mawimbi na kuzaa mengine.

Namba za kipimo kipya zikaanza kuchapishwa, na watu wakanunua redio kwa kuzitazama. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu.

Vipimo vya chama kile vilitenganisha milio miwili kwa kilohezi 20. Ni umbali unaofaa, mzunguko, rahisi kufanyia kazi. Rob Sherwood, mpenzi wa redio wa Colorado, alikuwa na Drake R-4C, redio iliyopata namba nzuri na sifa nzuri zaidi. Akaenda nayo kwenye mashindano ya mawasiliano ya Morse, ambako mamia ya vituo vinajazana kilohezi moja moja, na redio ikasambaratika: kelele za ishara bandia kila pembe. Angeweza kuiuza. Akaipima upya, safari hii milio ikiwa kilohezi 2 tu mbali, na namba ikaanguka vibaya. Sababu ilikuwa kichujio cha kwanza cha redio ile, chenye upana wa kilohezi 8 hivi. Milio iliyokuwa umbali wa 20 ilizuiwa getini, na hatua za ndani hazikuwahi kujaribiwa. Milio ya umbali wa 2 ilipita geti pamoja na mgeni halali, ikafika mpaka sebuleni. Kipimo cha 20 kilikuwa kinampima mlinzi na kuandika majibu kwa jina la nyumba.

Sherwood alichapisha hayo Desemba 1977 katika jarida la Ham Radio. Mtu angetarajia viwanda vingejirekebisha mwaka uliofuata. Kinyume chake, miaka ya 1980 mtindo mpya uliingia, wa kuyapandisha mawimbi yote hadi masafa ya katikati yaliyo juu sana, makumi ya megahezi, ambako vichujio vyembamba vilikuwa vigumu kutengeneza. Kile kivuli cha redio ya bibi kiliondoka kabisa, na hilo lilikuwa jema. Geti likawa pana kuliko la Drake. Kwa karibu miaka 20 redio za bei kubwa zilitoka na namba nzuri za kilohezi 20 na namba za aibu za kilohezi 2, na wanunuzi wengi walisoma zile za kwanza. Ni mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu ndipo viwanda vichache vidogo viliporudi kwenye vichujio vyembamba vya mwanzo wa njia.

Wakati huo mlango mwingine ulikuwa umeshafunguliwa, na kuuelewa inabidi kurudi Paris tena. Mwaka 1937 Alec Reeves, Mwingereza aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya ITT jijini humo, alichoshwa na uchafu unaojumlika njiani akaamua sauti isitumwe kama wimbi. Ipimwe mara nyingi kwa sekunde, kila kipimo kiandikwe kwa namba, na namba ndizo zisafiri. Valvu za wakati wake hazikulimudu wazo hilo kwa bei ya kueleweka. Mwaka 1943 mtambo wa siri wa SIGSALY, wenye uzito wa zaidi ya tani 50, ulianza kuwaunganisha wakuu wa London na Washington kwa sauti iliyogeuzwa namba. Mwaka 1954 kampuni ya Epsco ya Marekani, chini ya Bernard Gordon, ilianza kuuza kigeuzi cha biti 11 kilichotumia valvu na kufanya vipimo 50,000 kwa sekunde.

Kigeuzi ni ngazi. Wimbi ni mteremko laini, nacho hulilazimisha likae kwenye vidato. Mwaka 1948 W. R. Bennett wa maabara za Bell alikokotoa kosa linalotokana na kulazimisha huko, na ndiko inakotoka kanuni ambayo kila mwanafunzi huikariri: kila biti inaongeza desibeli 6. Biti 16 zinakupa 98 hivi. Lakini kanuni hiyo ina sharti, na sharti ndilo husahauliwa. Inadhani kosa limetawanyika kama mvua ya rasharasha. Wimbi likiwa sahili na likipatana kihesabu na mwendo wa kupima, kosa linajirudia kwa mpangilio, na kosa lenye mpangilio linakusanyika mahali pamoja na kuwa mlio. Tumerudi kwa kituo ambacho hakipo.

Kwa hiyo idadi ya biti haikutosha kumwambia mtu wa redio anachotaka kujua. Ilibidi kigeuzi kipewe mlio safi, namba zake zikusanywe, na zichambuliwe kuona kila masafa yana nini. Uchambuzi huo kwa kompyuta ulikuwa wa kukesha mpaka James Cooley na John Tukey walipochapisha njia yao ya haraka mwaka 1965, kazi iliyosukumwa na Richard Garwin aliyetaka kutambua majaribio ya mabomu ya nyuklia kwa mitetemo ya ardhi. Kigeuzi kikapata kioo cha kujitazama: mlio mmoja mrefu katikati, nyasi fupi za kelele chini, na hapa na pale mche mmoja uliochomoza juu ya nyasi. Umbali kutoka kilele cha mlio hadi kwenye mche mrefu kuliko yote ndio uwanja safi wa kigeuzi.

Na hapa pia mpimaji anaweza kujidanganya. Tuseme unakusanya sampuli 8,192 na mlio wako unafanya mizunguko 1,024 ndani yake. Ni namba za kupendeza. Lakini 8,192 kwa 1,024 ni nane, yaani kigeuzi kitaguswa kwenye nukta nane zile zile mpaka mwisho. Kama kina vidato 4,096, umekagua vinane na kutia saini kwa vyote. Wanaojua huchagua mizunguko 1,021, namba tasa, ili kila sampuli iangukie mahali papya.

Mwaka 1995 kampuni ya Analog Devices ilitoa kigeuzi kilichoitwa AD9042: biti 12, sampuli milioni 41 kwa sekunde, uwanja safi wa desibeli 80. Kwa kanuni ya Bennett biti 12 zina mwisho wa 74. Si uongo. Kelele ya kigeuzi imetandazwa kwenye zaidi ya megahezi 20, na ukichukua chaneli moja ya simu ya GSM, yenye upana wa kilohezi 200, unabaki na sehemu moja katika mia ya kelele hiyo: desibeli 20 zimeondoka bure. Mche wa ishara bandia haupungui, kwa sababu wote umesimama mahali pamoja. Ukiangukia kwenye chaneli yako, umeangukia mzima mzima. Ndiyo maana wajenzi wa minara ya simu waliacha kuuliza biti ngapi wakaanza kuuliza uwanja safi ni kiasi gani. Kanuni za GSM 900, mfumo uliopandisha minara kuanzia Mombasa hadi Goma, zinautaka mnara usikie simu iliyo desibeli 101 chini ya miliwati huku mawimbi mengine ya jirani, megahezi tatu au zaidi pembeni, yakiingia kwa desibeli 13 tu chini ya miliwati hiyo hiyo. Tofauti ni 88, karibu mara milioni 630.

Dawa ya miche hiyo ni ya ajabu kidogo. Mwaka 1962 Lawrence Roberts wa MIT alionyesha kwamba picha zilizowekwa kwenye vidato vichache huonekana vizuri zaidi ukizichanganyia kelele kwanza. Kelele inavunja mpangilio wa kosa, na kosa lisilo na mpangilio halijengi mche. Stanley Lipshitz na John Vanderkooy wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, waliwapa watu wa muziki hesabu ya jambo hilo mwaka 1984.

Redio za leo zinazoweka kigeuzi karibu na antena kabisa, bila miksa wala vikopo vya 455, zimevuruga kanuni zote za mwanzo wa simulizi hii. Sheria ya moja kwa tatu haizihusu; unaweza kupunguza milio na ishara bandia ikabaki palepale au hata ikapanda. Makutano yale ya kuchorwa kwa rula hayana maana kwazo. Na kwenye maabara tulivu huonekana mbaya kuliko zilivyo, maana ukiunganisha antena ya kweli, kelele ya anga inayoingia inafanya kazi ile ile ya Roberts na miche inazama. Kwa kuwa hazina geti jembamba, milio ikiwa kilohezi 20 au 2 namba zao ni karibu zile zile.

Sherwood aliziingiza nazo kwenye jedwali lake la redio, pamoja na za valvu na za transista, akizipima mwenyewe moja baada ya nyingine. Jedwali hilo lina safu nyingi: sakafu, vichujio, kelele ya mtambo wa ndani. Mpangilio wa juu hadi chini anautoa kwenye safu moja tu, ya uwanja safi milio ikiwa imekaribiana.